Vipele Vyangu na Daktari wa Wadachi

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka Usumbura na kopo la mafuta ya dukani, akakaa mlangoni anajipaka mikono huku amenuna. Anasema ngozi yake inamtia aibu, wenzake wana ngozi laini na yeye amejaa vipele kama kuku aliyenyonyolewa. Nikamwambia, weka kando hilo kopo lako, bibi yako ana dawa kuliko hiyo. Nikamtolea chupa ya mafuta ya mise, yale meusi yanayotoka ndani ya kokwa ya chikichi baada ya nyama ya nje kukamuliwa mawese. Kufungua kizibo tu, mtoto akatoka mbio ameshika pua. Nikabaki peke yangu na chupa mkononi, mtu mzima mimi, machozi yananichuruzika. Nyinyi wa rika langu mliopakwa mise mkiwa wadogo mnaijua harufu yake, moshi mtupu na kokwa iliyoungua, na mnajua haimbembelezi mtu.

Mimi nilizaliwa na ngozi hiyo hiyo. Nyuma ya mikono, toka begani hadi karibu na kiwiko, na kwenye mapaja, na juu mgongoni, nilikuwa na vipele vidogo vigumu visivyowasha wala kuuma. Kiangazi vilizidi, ngozi ikakwaruza nguo. Mvua zikija vilipungua kidogo, lakini kwisha havikwisha. Watoto wenzangu wa Rumonge waliniita Kenge, maana kenge walijaa kwenye mawe ya ziwani na kila mtu alijua ngozi yao ilivyo. Nami sikuwa wa kunyamaza. Kila mmoja nilimpa jina lake, mengine siwezi kuyaandika hapa, na Baba alichoka kuamua ugomvi wangu.

Baba alikuwa fundi wa mitumbwi, mtoto wa Wamanyema waliovuka ziwa wakaja kufanya biashara upande huu. Mama alikuwa Mrundi wa milimani, juu ya Kizuka. Alisilimu alipoolewa, akajifunza Kiswahili, ila akikasirika au akinipenda sana Kirundi kilimtoka chenyewe. Kazi yake ilikuwa mawese. Alichemsha chikichi, akazitwanga kwenye kinu, akakamua machicha kwa mikono ndani ya maji ya moto, akaengua mafuta yalipopanda juu. Jioni, kazi ikiisha, aliniketisha katikati ya magoti yake akanipaka yale yaliyobaki kwenye vidole. Alisugua taratibu, kiganja kizima, huku anazungumza na watu wengine, kana kwamba mikono yake ilijua njia bila yeye kuitazama. Sijawahi kukaa mahali pazuri kuliko pale.

Tulikaa pia na Shangazi Mauwa, dada yake Baba, mwanamke mwenye sauti ya kusikika hadi kwa wavuvi. Yeye na Mama walitaniana toka asubuhi mpaka giza. Shangazi akisema Mama anakamua mafuta kama anayenyonga mtu, Mama akisema wifi yake anapika ugali wa kujengea nyumba. Nilidhani mawifi wote duniani huishi hivyo, nikaja kuolewa nikaona cha moto.

Sasa, kabla sijapata akili ndui ilikuwa imepita kando ya ziwa. Sikuiona, lakini niliisikia kila siku, maana watu wazima hawakuisahau. Wadachi, yaani Wajerumani, waliwatenga wenye vipele kwenye vibanda mbali na mji, na wengi hawakutoka humo wazima. Kwa hiyo kichwani mwa watu wetu Mdachi, ugonjwa na vipele vilikuwa kitu kimoja. Ilipofika habari kwamba daktari wa Wadachi anashuka na askari kutoka Usumbura, amekwisha kupita Kabezi, anawapanga watu mstari wakiwa mabega wazi na wagonjwa anawapeleka kambini, hakuna aliyeuliza ni ugonjwa gani anautafuta. Mabega wazi! Anatazama nini basi kama si ngozi? Majirani wakaanza kupita uani kwetu kwa visingizio, mara chumvi, mara moto wa kuwashia, na kila aliyeingia macho yake yalitua mikononi mwangu.

"Wifi, huyu mutoto tumufiche," Shangazi alisema. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akisema kwa sauti ndogo. "Tumupandishe Kizuka kwa mama yako, akae kule mpaka Mudachi apite."

"Njiani iko askari," Mama alimjibu. "Wakimukuta anakimbizwa na ngozi hii, si ndiyo watasema anaumwa? Oya, hapana. Atasimama hapa hapa mbele yao, na ngozi yake itakuwa laini."

"Na isipokuwa laini?" Baba aliuliza.

"Itakuwa."

Baba aliinuka akaenda kwenye mtumbwi aliokuwa akiuchonga, lakini hatukusikia tezo. Aliketi tu juu ya gogo. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu Baba hakuwa mtu wa kuketi.

Basi Mama akaanza kazi. Mawese hayakutosha tena, akatafuta mise. Alinisugua kwa machicha ya chikichi mpaka ngozi ikawaka, akaniosha, akanipaka, akanisugua tena. Nililia, nikamuuma mara moja mkono, akanipiga kofi la mgongoni na kuendelea. "Lia tu, mwana wanje," alisema, mwanangu kwa Kirundi chake. "Ulilie hapa kwangu, usilie kule." Aliacha biashara yake ikaharibika. Chikichi zilioza kikapuni na wateja wakaenda kwa mwingine.

Siku zile Mama alikuwa anasinzia. Aliweza kusinzia mbele ya chungu, mwiko mkononi, mpaka Shangazi ampigie makofi masikioni. Alilalamika kichwa, akakifunga kitambaa, akasema ni jua. Shangazi naye alikuwa na maelezo yake.

"Wifi yangu amebeba," aliwatangazia majirani. "Na safari hii ni mutoto wa kiume. Wa kiume wanamulaza mama yao hivi."

Mama alicheka wala hakukana. Nadhani alitamani iwe kweli. Mimi nilichogundua ni kingine. Jioni moja nilipomkumbatia kwa nyuma nilisikia chini ya ngozi ya shingo yake vinundu vidogo, vinateleza chini ya kidole. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi! Kumbe Mama naye anavyo, nikajiambia, sitakuwa Kenge peke yangu. Nikamwuliza ni nini, akasema ni mtungi, kubeba mtungi kichwani kila siku kunachosha shingo. Hatukuzungumza tena habari hiyo, maana alikuwa na haraka ya kurudi kwenye mikono yangu.

Asubuhi ya kukaguliwa tulipangwa ufukweni, mahali ambapo askari walikuwa wamefyeka vichaka vyote. Daktari alikaa kwenye kiti cha kukunja, mwanamume mwembamba mwenye ndevu nyekundu na jasho jingi, na mezani pake palikuwa na bomba fupi la shaba la kuchungulia. Wanawake waliteremsha nguo hadi chini ya mabega wakatazama ziwa kwa aibu. Mama alinishika mkono. Mikono yangu iling'aa mafuta hadi inzi walikuwa wakiteleza, lakini kwa karibu vipele vilionekana vile vile, na mimi nilijua, na Mama alijua. Shangazi nyuma yetu alikuwa akisoma kila aya aliyoikumbuka.

Zamu yetu ikafika. Daktari alininusa kwanza, akakunja pua. Akanishika shingoni kwa vidole viwili, pande zote mbili, akaniachia. Kisha akaona mikono. Akaushika wa kulia, akaugeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba nyuma yake. Daktari akasema neno kwa mkalimani na akatabasamu.

"Bwana Mukubwa anasema ngozi hii siyo ugonjwa," mkalimani alitangaza. "Iko hata kwao, watoto wengi wanazaliwa nayo. Inapungua mutu akikua. Anauliza kwa nini mumemupikapika hivi."

Shangazi alipiga vigelegele vya arusi kabisa! Wanawake wa mstarini wakavipokea, hata askari wakacheka. Mama aliniinua juu kama mtoto wa kunyonya, akanibusu kichwani, akalia na kucheka pamoja, akishukuru kwa Kirundi, "Murakoze, Bwana, murakoze cane." Naikumbuka furaha ile mpaka leo. Nilijiona nimeushinda ulimwengu.

Daktari alimsubiri anitue chini. Kisha akanyoosha mkono akamshika Mama shingoni, na vidole vyake havikutoka.

Vigelegele vilichukua muda kunyamaza, maana wa nyuma hawakuona. Daktari aligusa, akabonyeza, akamgeuza, akabonyeza tena. Akachukua sindano akavuta maji kwenye kile kinundu, akayaweka kwenye kioo, akainama kwenye bomba la shaba. Alichungulia muda mrefu. Alipoinua kichwa hakutabasamu, na mkalimani hakutangaza kwa sauti. Alimwonyesha Mama upande wa pili, walipokuwa wamesimama watu wachache wametengwa.

"Malale," alisema. Ugonjwa wa usingizi.

Baba alisogea mbele akasukumwa na kitako cha bunduki. Shangazi alisema, "Huyu ana mimba, Bwana, analala kwa sababu ya mimba," akarudia na kurudia, kana kwamba hawakusikia vizuri. Mama mwenyewe alikuwa mtulivu kuliko wote. Alipandisha nguo yake mabegani, akaifunga. Walipowaongoza kwenye mitumbwi alinitazama mimi, siyo usoni, mikononi, akasema, "Mutoto wangu amepona." Wakaenda naye upande wa kaskazini.

Ukubwani nilielezwa kwamba malale huletwa na mbung'o, yule inzi anayeuma, aliyekuwa tele kwenye vichaka vya kuteka maji. Naamini. Lakini wakati ule nilikuwa na elimu yangu mwenyewe na hakuna aliyeweza kunitoa humo. Wakubwa walisema vipele vyangu si ugonjwa. Mimi nikawaza, kama si ugonjwa, mbona Mama amekwenda? Siku zote alinisugua, ugonjwa ukamwingia kwa viganja, ukapanda mikononi mwake hadi shingoni. Nilivigusa mwenyewe, vipele vyangu, vimekaa kwake! Ndiyo maana daktari hakuona kitu kwangu, Mama alishakibeba. Na nikajua la kufanya. Vilivyobaki kwangu nikivimaliza, vya kwake navyo vitakosa mzizi, vitakauka, naye atarudi. Sikumwambia mtu. Jambo kubwa namna hiyo mtoto hasemi, anaogopa asije akaambiwa siyo.

Nikawa mtumwa wa mikono yangu. Niliamka nikasugua kwa machicha, nikaosha, nikapaka mise, na jioni tena. Nilinuka hadi Baba akanihamisha pa kulala. Shangazi alidhani ni urembo.

"Haya, bibi arusi," alinitania, "mume mwenyewe ni nani? Au ni yule mutoto wa muuza dagaa anayekuita Kenge?"

"Sitaki mume."

"Basi unamupakia nani?"

Nikachovya vidole tena kwenye mise. Alinitazama kidogo, akaacha kutania, na tangu siku hiyo kila akikamua mise alinijazia kikombe bila kuulizwa. Mzaha ulimwisha polepole mwanamke yule. Uani palipungua mtu mmoja tu, lakini ungedhani mji umehamwa.

Habari zilikuja na wapiga kasia. Kule kambini, walisema, wagonjwa wanachomwa sindano. Fulani amepona. Fulani amezikwa. Mke wa fundi? Yupo, yupo, wanamchoma. Mvua zikanyesha zikakatika, zikanyesha tena. Nikarefuka, meno ya mbele yakatoka na kuota mengine. Na siku moja, nikijiosha, nikapitisha kiganja nyuma ya mkono nikashtuka. Laini. Nikajaribu mwingine. Laini kama ubao aliomaliza Baba kuupiga randa. Nilikaa majini nikatetemeka kwa furaha, nikaanza kumngoja Mama, si kwa kutumaini, kwa uhakika, kama unavyomngoja mtu aliyekwenda sokoni.

Na akaja! Ndiyo, wenzangu, hamwezi kunilaumu kwa kuamini, maana kabla mwezi haujaisha mtumbwi ulitia nanga na ndani yake alikuwa Mama. Alikuwa amekonda, nguo inampwaya, lakini alisimama wima. Alishuka ameshika bega la mpiga kasia. Watu walipiga kelele, Baba aliingia majini na viatu vyake vya ngozi. Mimi nilisimama mbele kabisa nimenyoosha mikono yangu anione, na alinipita. Macho yake yalikuwa wazi, mazuri kama zamani, yakanipita yakaenda mbali. Nilidhani amenikasirikia.

Mpiga kasia alimwambia Baba taratibu, nikasikia. Sindano zile zimemtoa usingizi, lakini zimekwenda na macho. Wako wengi kule walio hivyo.

Walimkalisha mkekani uani. Aliitikia salamu za kila mtu, akamtambua kila mtu kwa sauti, akamtania hata Shangazi kwamba moshi wake bado unanuka ugali mbichi. Shangazi akajitia kucheka huku analia. Kisha Mama akasema, "Sasa nipeni mutoto wangu."

Nikasukumwa mbele. Nilipiga magoti, nikanyoosha mikono. Mikono yake ikanitafuta hewani ikanipata. Ilishika vidole vyangu, ikapanda kiwikoni, ikazunguka nyuma ya mkono. Ikasimama. Ikashuka, ikapanda tena polepole, ikahamia mkono wa pili. Niliona uso wake unajifunga. Akaniachia.

"Huyu siyo wangu," alisema.

"Wifi! Ni Zaina huyu!"

"Zaina ninamujua. Nimemupaka mafuta tangu kuzaliwa." Hakupandisha sauti. "Kule kambini walitudanganya hivi hivi. Mutu anauliza mume wake, wanamuambia yuko, kumbe walishamuzika. Mutoto wangu alikufa lini? Niambieni tu. Nimezoea."

Baba aliapa. Majirani waliapa. Kadiri walivyoapa ndivyo alivyotikisa kichwa. Mimi nikapata sauti, nikasema, "Mama, ni mimi," lakini sauti ilitoka nene, ya kukwaruza, sauti ya msichana mkubwa asiyemjua. Akageuza uso, siyo kwangu hasa, kando yangu kidogo, akanipapasa kichwani kwa upole.

"Mutoto wa nani wewe? Usilie. Wewe hukukosa kitu."

Huruma ile ndiyo iliyoniua. Kunipiga angenipiga, nisingeumia vile. Nikaona naondolewa, Shangazi ameshanishika bega aniinue, na nikitoka pale mkekani nimekufa kweli, nitaishi nyumba moja na mama yangu kama mtoto wa jirani. Sijui nilifikiriaje. Nilijing'oa mikononi mwa Shangazi, nikamgeuzia Mama mgongo, nikaifungua nguo, nikavuta mkono wake nikaubandika katikati ya mabega yangu, pale ambapo mkono wangu mwenyewe haukuwahi kufika wala hakuna mtu aliyewahi kunisugua tangu yeye aondoke.

Kiganja kilikaa pale. Kikatulia. Kisha vidole vikaanza kwenda, chini, juu, vikikwaruza kwenye vile vipele vigumu.

"Mwana wanje," alisema. Akaniangukia mgongoni na uso wake wote, machozi yake yakanishuka mpaka kiunoni. Tukakaa hivyo. Halafu akainua kichwa, akaita kwa ile sauti yake ya ugomvi ambayo uani kwetu haikusikika siku nyingi:

"Wifi! Huku nyuma mbona hamukumupaka? Leta mafuta."